Ushauri wenu wakuu: niwaonyeshe wazazi ile makala ya Alan Shearer kuhusu vichwa na demensia?

Kocha wa Chipukizi
Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha soka watoto wa miaka 9 hadi 12. Mzazi mmoja karusha kwenye kundi letu kipande cha makala ya televisheni ya BBC ya 2017, ile ambayo Alan Shearer, straika wa zamani wa England, anatafuta kujua kama kupiga mpira kwa kichwa kunaleta demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili. Kundi limewaka moto. Mama mmoja kishamtoa mwanawe mazoezini, na baba mwingine anasema televisheni inatafuta watazamaji tu.

Nafikiria kuitisha kikao tuitazame yote pamoja. Ninachohofia ni nguvu ya zile nyuso za familia. Mle yumo binti wa Jeff Astle, straika wa West Bromwich Albion aliyepata demensia akafariki 2002 akiwa na miaka 59 tu. Ukishamsikia anavyomsimulia baba yake, nani atakuwa na utulivu wa kusikiliza takwimu? Nionyeshe au niache?

Mpenda Hesabu
Onyesha mkuu, ila watajie kwanza mwaka. Makala ile iliuliza swali kabla jibu kubwa halijapatikana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow ulitoka Oktoba 2019: wachezaji 7,676 wa zamani wa kulipwa wa Uskoti walilinganishwa na watu wengine zaidi ya 23,000. Vifo vitokanavyo na magonjwa ya kuharibika ubongo vilikuwa kama mara tatu na nusu zaidi kwa wachezaji.

Televisheni huipenda sana hiyo "mara tatu na nusu" na mara nyingi hukomea hapo. Mzazi anahitaji pia kujua: mara tatu na nusu ya nini? Ilikuwa asilimia 1.7 kwa wachezaji, na 0.5 kwa wengine. Tena kwa wachezaji haohao vifo vya maradhi ya moyo na saratani ya mapafu vilikuwa vichache kuliko kwa wengine. Hilo huwa halitajwi.

Binti wa Beki
Kaka Mpenda Hesabu, nakuheshimu, lakini hiyo 1.7 ni ya waliokwisha kufa na ugonjwa ukaandikwa kuwa ndio uliowaua. Baba yangu alikuwa beki wa kati. Yu hai, na ananiita kwa jina la dada yake. Hayumo kwenye asilimia yako. Zile makala zinaonyesha kitu ambacho jedwali haliwezi: nani anamvalisha shati asubuhi, nani anaamka usiku akisikia mlango. Kocha, usiikate sehemu ya familia.

Mpenda Hesabu
Umenisahihisha dada, na pole sana kwa mnayopitia.

Golikipa Mstaafu
Mimi naona hoja yenye uzito kuliko zote ni nafasi uwanjani. Uchambuzi wa 2021 wa data hiyohiyo ya Uskoti ulionyesha makipa hawatofautiani sana na watu wa kawaida, ila kwa mabeki hatari ilifika kama mara tano. Waliocheza miaka mingi walikuwa na hatari kubwa zaidi. Uswidi mwaka 2023 walipata ongezeko dogo zaidi, kama mara moja na nusu, na huko pia makipa hawakuzidi. Kipa hapigi vichwa. Hiyo inasema mengi kuliko picha za ubongo chini ya hadubini, ambazo aghalabu ni za watu waliokwisha kuugua.

Ila tuwe wakweli: hakuna aliyekaa akahesabu vichwa vya wachezaji hao, na wote walikuwa watu wazima wa kulipwa. Usimpe mzazi wa mtoto wa miaka 10 namba hizo kana kwamba ni za mwanawe.

Na wakikuambia tatizo lilikuwa mipira ya ngozi ya zamani, waeleze kwamba uzito wa mpira mkavu haujabadilika sana. Ule wa zamani ulinyonya maji ukawa mzito, wa sasa haunyonyi lakini unakwenda kasi.

Mwalimu wa Michezo
Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Stirling la 2016: vichwa 20, kisha kipimo cha kumbukumbu kikashuka kwa asilimia 41 hadi 67. Ukilitaja, usiishie hapo. Ndani ya saa 24 hali ilirudi kawaida.

Lakini kocha, mbona unasubiri kikao? Marekani walizuia vichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini tangu 2015. Uingereza, Uskoti na Ireland ya Kaskazini mwaka 2020 waliondoa vichwa kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Hawakungoja ushahidi ukamilike. Mtoto wa umri huo ana kazi tele ya kujifunza mpira ukiwa chini.

Kocha wa Chipukizi
Asanteni sana. Kuanzia mazoezi ya kesho hakuna vichwa, na yule mama nitampigia mwenyewe kumweleza. Makala nitaionyesha yote, kisha namba za 2019 na 2021 nitaziandika ubaoni. Dada Binti wa Beki, ukiridhia, ningependa kuwasomea wazazi ujumbe wako.

Binti wa Beki
Wasomee. Klabu yake tu usiulize.