Piza ya nyumbani kwa anayepunguza uzito: tupunguze nini?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wenu. Ninajitahidi kupunguza uzito, lakini sipendi kuiacha piza ninayoipika nyumbani, kwa kuwa ni chakula ambacho familia nzima hukifurahia mezani. Nimeshauriwa kutumia unga wa ngano isiyokobolewa badala ya unga mweupe, ila mkate wa chini wa piza hutoka mgumu na mzito, na watoto huuacha. Je, ni lazima nivumilie ugumu huo, au kuna mahali pengine pa kupunguza?

Mchangiaji wa kwanza:
Unga wa ngano isiyokobolewa una nyuzinyuzi nyingi na hushibisha upesi, lakini kwa kalori haupishani sana na unga mweupe, kwani gramu 100 za unga wowote kati ya hizo mbili hutoa takriban kilokalori 350. Kalori nyingi hujificha katika mafuta na jibini. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya zeituni kina kilokalori 120 hivi, na gramu 100 za jibini ya mozarela zina karibu 300, ilhali nyanya za uzito huohuo hazifiki hata 25. Mtu anayemimina mafuta kwenye unga, kwenye trei na tena juu ya piza, kisha akatupia jibini bila kuipima, huongeza mamia ya kalori ambazo hata ulimi hauzitambui. Kwa hiyo nunua mizani ndogo ya jikoni kabla ya kubadilisha unga.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono, na ningependa kuongezea kuhusu mkate wenyewe. Kwa piza moja ya upana wa sentimita 30, gramu 150 za unga zinatosha kabisa: changanya na gramu 95 za maji, gramu 3 za chumvi na robo kijiko cha chai cha hamira, ukande kidogo, ufunike, kisha uweke kwenye friji hadi kesho yake. Katika saa hizo nyingi unga hulainika na kupata ladha, ukavutika hadi kuwa mwembamba bila kuchanika na bila kuhitaji mafuta. Ukipenda ngano isiyokobolewa, changanya theluthi moja tu na uongeze maji kidogo, kwa sababu pumba hunywa maji mengi. Nadhani ugumu unaoulalamikia umetokana na hilo. Washa oveni kwa moto wake wa juu kabisa, trei ikiwa ndani, hadi trei yenyewe iwe ya moto sana.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Je, jibini niiondoe kabisa? Na vipi kuhusu mkate wa piza wa koliflawa, yaani ile mboga nyeupe inayotumika badala ya unga, unaosifiwa sana?

Mchangiaji wa tatu:
Usiiondoe, tafadhali. Piza isiyo na jibini humwacha mlaji na hamu, naye huimaliza hamu hiyo baadaye kwa vitafunio. Weka gramu 60 za mozarela iliyochujwa maji, halafu ukune gramu 10 za jibini ngumu iliyokomaa, ambayo ladha yake ni kali kiasi kwamba kidogo huenea piza nzima. Ama koliflawa, mapishi mengi huishikamanisha kwa mayai na jibini nyingi, hivyo si lazima iwe nyepesi. Soma vipimo kwanza. Soseji na salami ningeziacha, kwani zina mafuta na chumvi nyingi, na mahali pake ningeweka uyoga na pilipili hoho. Uyoga ukaangwe kwanza kwenye kikaango kikavu hadi maji yake yakauke, la sivyo yatalowesha mkate.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa vipimo hivi, piza nzima haizidi sana kilokalori 800. Kata nusu yake, ule pamoja na sahani kubwa ya saladi, na nusu ya pili uwape watoto kabla hujakaa mezani.