Samaki wangu beta keshajenga kiota, vifaranga nitawalisha nini wiki ya kwanza?

Mvuvi_wa_Tabata
Wakuu habari za humu. Nina dume la beta la bluu, wale wa mkia wa nusu duara, na jike jekundu. Wako beseni moja ila jike nimemfungia ndani ya chupa ya plastiki niliyokata juu na chini, wanaonana tu. Dume toka juzi anatema mapovu kona nzima imejaa, na jike tumbo limetuna, ana mistari ya kusimama ubavuni na kile kidoti cheupe chini ya tumbo. Sasa kabla sijamfungulia nataka kujua vifaranga nitawalisha nini, maana mayai ya artemia, wale kamba wadogo sana wa kulisha vifaranga, bei yake imenishinda afu kuna mtu kanambia kiini cha yai la kuku kinatosha. Ni kweli? Na dume namtoa lini? Niko Dar, sina hita ya kupasha maji.

fundi_tenki
Mkuu usimfungulie leo. Dalili zote ziko sawa kabisa, jike yuko tayari, lakini beta kutaga sio kazi, kazi ni chakula, na watu wengi wanapoteza vifaranga wote kwa sababu wanaanza kutafuta chakula mayai yakishaanguliwa. Piga hesabu mwenyewe: mayai yanaanguliwa kwenye saa 24 mpaka 48, afu vifaranga wananing'inia kwenye mapovu mkia chini siku 2 au 3 wakila kile kiini walichozaliwa nacho, wakianza kuogelea wamelala sawasawa hapo wana njaa na midomo yao ni midogo mno. Hiyo siku ndo unamtoa dume. Jike yeye unamtoa mapema, wakimaliza tu kutaga, maana dume atamfukuza na kumng'ata akilinda kiota.

Kiini cha yai kinaliwa ila kinaoza haraka, ukizidisha kidogo tu asubuhi unakuta maji meupe na vifaranga wamekufa. Mimi sikishauri. Otesha vijidudu vya maji: chukua chupa ya kioo, weka maji ya tenki lako la zamani, tumbukiza jani la saladi au kipande cha ganda la ndizi, weka dirishani pasipo jua kali. Yatachafuka yatanuka, siku kadhaa mbele yanaanza kutakata. Mulika na tochi usiku, ukiona kama vumbi linatembea lenyewe hicho ndo chakula. Anza chupa mbili wiki nzima kabla ya kuwakutanisha.

Bi_Nuru_Msa
Naongezea hapo kwa fundi. Ndugu yangu hapo Dar miti ya mikungu imejaa, okota majani yake makavu ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, yasiwe ya kando ya barabara ya magari wala palipopigwa dawa, yaoshe weka moja kwenye beseni. Maji yatageuka rangi ya chai, usiogope, yanapunguza ukungu kwenye mayai na vijidudu vinaota juu ya jani vifaranga wanavidonoa. Wafugaji wa Thailand, ambako ndo kwao beta, wanatumia majani hayo hayo.

Na utafute mbegu ya maikrowomu, vile viminyoo vidogo sana, kwa mfugaji mwenzio, ni rahisi sana, pika uji mzito wa oti, upoe, nyunyiza hamira kidogo, weka mbegu kwenye kopo lenye matundu kwenye kifuniko. Wanapanda ukutani mwa kopo wanang'aa kama jasho, unawafuta kwa kidole unasuuza kwenye maji ya vifaranga. Artemia ukipata baadae sawa, wanakuza haraka kuliko chochote, ila bila artemia pia wanakua.

Mvuvi_wa_Tabata
Asanteni sana dada na mkuu. Kina cha maji kiwe ngapi? Sasa hivi limejaa.

fundi_tenki
Punguza mpaka sentimita 10 hadi 15. Kwao wanaishi kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga maji mafupi, na dume ana kazi ya kufuata kila yai linalozama alibebe kwa mdomo alirudishe kwenye mapovu, kikiwa kirefu anachoka, na vifaranga pia wanashindwa kupanda. Joto la maji liwe nyuzi 26 mpaka 28, Dar miezi ya joto huna shida, mwezi wa 6 na wa 7 usiku panapoa nunua kihita kidogo. Afu hili wengi hawaambiwi: funika beseni na nailoni, acha upenyo kidogo. Beta anavuta hewa ya juu ya maji, kile kiungo cha kuvutia hewa kinajijenga vifaranga wakiwa na wiki kama 3 na kuendelea, hewa ya baridi ikiwapiga hapo wanakufa mmoja mmoja.

Bi_Nuru_Msa
Maji ya bomba yalaze ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, na ukiongeza yadondoshe kwa mpira mwembamba usimwage. Na andaa chupa nyingi, miezi 2 au 3 madume yakianza kugombana kila mmoja anataka yake. Wakizidi gawa kwa wafugaji, tafadhali usiwaachie mtoni wala mtaroni.

Mvuvi_wa_Tabata
Chupa mbili zishakaa dirishani, na jani la mkungu nimeokota uwanja wa shule hapa jirani. Yakianza kutakata nitaweka picha ya tochi mniambie kama ndo wenyewe.