Mama ana kitambulisho cha mzee, dawa za presha bado tunanunua

Binti Mnyiramba:
Wadau, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 67 na presha. Kitambulisho cha matibabu bure anacho, dirisha la wazee tunapita, daktari hatumlipi. Shida ni famasi: "Hiki kipo, hizi mbili hatuna, kanunueni nje." Huko nje ni 18,000 kwa mwezi, na bodaboda kutoka kijijini kwenda na kurudi 14,000. Mwezi uliopita tuliuza jogoo. Juzi nikahesabu vidonge kwenye pakiti, kumbe mama anameza leo, kesho anaruka, na hasemi. Mwenye duka jirani yetu ana presha hiyohiyo, kliniki hakosi. Nikikata CHF, ile bima ya afya ya jamii, itasaidia?

Nesi wa Zahanati:
Kata, dada. CHF iliyoboreshwa kaya ya watu sita inalipa mara moja, inatumia mwaka mzima. Ila anzeni zahanati mpewe rufaa, mkiruka moja kwa moja hospitali kadi haitapokelewa. Na muombe daktari aandike dawa za miezi miwili, nauli ipungue. Kuruka vidonge aache kabisa, hapo ndipo kiharusi kinapoanzia.

Mzee wa Kamati:
Nesi kasema vyema, lakini kiasi hichohicho analipa mwenye ng'ombe sitini na huyu wa jogoo. Haki iko wapi? Nimekaa kamati ya zahanati. Wagonjwa kuchangia gharama za matibabu kulianza mwaka 1993, na misamaha ipo: wazee wasiojiweza, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano. Sawa kabisa. Ila anayesamehewa haleti hela, na kituo kinategemea makusanyo hayohayo kujazia dawa MSD, bohari ya dawa ya serikali, wasipoleta za kutosha. Kijiji chenye maskini wengi ndicho rafu zake zinakauka mapema. Wenye hela wananunua nje, wala hawajui kama kulikuwa na upungufu.

Nesi wa Zahanati:
Mzee, hapo sibishi. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka wasio na uwezo walipiwe. Dada, mama yumo kwenye orodha ya kaya maskini? Kama hayumo, muone mtendaji mapema.

Binti Mnyiramba:
Asanteni. Alikuwemo. Walimtoa tulipoezeka bati.