Mkataba umeisha, deni la Bodi nalisimamishaje kwa muda?

Ticha wa Kihonda: Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa nafundisha fizikia shule moja ya binafsi hapa Morogoro. Mshahara wa msingi laki sita, Bodi ya Mikopo inakata 90,000 kila mwezi kulipia mkopo niliosomea chuo. Mkataba umeisha Novemba, hawakuuendeleza. Sasa nina kuku wa mayai 150, trei nne kwa siku wakiamka vizuri; ukitoa chakula na chanjo, inabaki ya ugali tu. Nataka kupumzika kulipa kama miezi sita hivi. Naanzia wapi? Halafu nasikia aliyejiajiri halipi chini ya laki moja kwa mwezi. Yaani nikiwa na kazi 90,000, nikikosa kazi laki?

Mzee wa Leja: Pole ticha. Ndivyo ilivyo: mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara, aliyejiajiri asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na isipungue laki. Likizo iliyoandikwa kwenye sheria ni ile miezi 24 baada ya kumaliza chuo, na wewe ulishaila. Ila makato yanapanda mgongoni mwa mshahara, mshahara ukikatika nayo yanakatika. Kinachobaki ni deni.

Dada Mhasibu: Na deni lenyewe halinenepi siku hizi. Mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa, na adhabu ya asilimia 10 ikafutwa. Zamani ulikuwa unalipa huku salio linapanda, mpaka unajiuliza boom, ile pesa ya kujikimu chuoni, ulikula wewe au ukoo mzima. Leo ukikaa miezi sita, utalikuta palepale.

Kipanga: Lakini usikae kimya. Nilipopunguzwa kazi niliandika barua ya ukurasa mmoja: namba ya mtihani wa kidato cha nne (ndiyo wanayokutafutia), naingiza kiasi gani, naweza kutoa kiasi gani. Niliandika 30,000. Nikaambatanisha barua ya kuachishwa, nikabaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Nikaomba kontroli namba (namba ya kulipia serikalini), nikawa nalipa kwa simu mwezi unaoruhusu. Na mwambie mdhamini wako mapema. Wangu ni mama, alikuja kusikia kwa watu.

Kipanga: Kabla ya barua, fungua akaunti yako ya Bodi uone taarifa ya deni, uilinganishe na salari slipu. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Wapo wanaokata na kukaa nazo.

Ticha wa Kihonda: Nimeingia sasa hivi. Septemba na Oktoba hazipo! Slipu ninazo mkononi, zote zimeandikwa 90,000. Laki na themanini yangu, chakula cha kuku hicho. Kipanga, barua ya Bodi naiandika usiku huu, ila kesho asubuhi naanzia kwa mhasibu wa shule.