Ramani ya shida ya maji Lamu: nipake rangi, niweke nukta au duara?

KijanaWaLangoni
Assalaam aleikum wanajamvi. Kikundi chetu cha vijana kimezunguka wadi zote 10 za Lamu kuuliza watu wachota maji wapi: bomba, kisima au jabia (birika la kuwekea maji ya mvua). Idadi ya nyumba zisizo na maji karibu nimeiingiza kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nikapaka kila wadi rangi: nyumba nyingi, nyekundu iliyokolea, chache, iliyopauka. Mzee mmoja wa Basuba akaitazama kitambo, akaniuliza, "Kwa hivyo sisi hatuna shida?" Wadi yake ndiyo iliyopauka kuliko zote, na huko ndiko wanakotembea mbali na madumu. Ramani itabandikwa siku ya baraza. Nifanyeje?

MaalimJografia
Waaleikum salaam. Huyo mzee ajua kusoma ramani. Rangi ya kujaza eneo haitaki idadi tupu, yataka uwiano: katika kila nyumba 100 mlizohoji, ngapi hazina maji? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 22,258 Lamu Mashariki, iliko Basuba, na 121,662 Lamu Magharibi. Paka idadi ya chochote, simu, baiskeli, hata punda, Magharibi ndiyo itakayokolea, maana ndiko waliko watu. Mwanahisabati Charles Dupin alipochora ramani yake ya elimu Ufaransa mwaka 1826 alilinganisha wanafunzi na wakazi, hakuhesabu wanafunzi peke yao.

BintiFaza
Uwiano nao una hila zake. Basuba ni kubwa na msitu wa Boni umelala humo, Mkomani ni kipande tu. Jicho hufuata ukubwa. Aliyeketi nyuma barazani ataiona Basuba, Mkomani hataiona kabisa. Mimi ningeweka nukta, kila moja nyumba 10.

NahodhaWaKompyuta
Dada, nukta nzuri, lakini programu huzitawanya ovyo ndani ya mpaka wa wadi. Utakuta nyumba 10 zimejengwa katikati ya msitu na nyingine ndani ya mikoko! Chora kwanza maeneo ya vijiji vyenyewe, nukta ziangukie humo. Na msifike kwenye nukta moja kwa nyumba moja. Daktari John Snow aliweka alama nyumba kwa nyumba huko London mwaka 1854, ikaonekana wazi vifo vya kipindupindu vimeizunguka pampu ya Broad Street. Yeye alihesabu waliokwisha kufa. Nyinyi wenu wako hai, na jirani atajua hiyo ni nyumba ya nani.

KijanaWaLangoni
Na duara je, moja kwa kila wadi, likue kwa idadi ya nyumba? Nimejaribu, la Mkomani na la Shella yalaliana hata moja halionekani.

MaalimJografia
Yape rangi nyepesi inayopenya, dogo likae juu ya kubwa. Kisha angalia: eneo la duara ndilo lifuate idadi, si upana wake. Ukizidisha upana mara mbili, eneo lazidi mara nne, na hapo umewadanganya watu bila kukusudia. Hata ukipatia, jicho huyapunja maduara makubwa, kwa hivyo andika namba ndani.
Mimi ningebandika mbili kando kwa kando: rangi kwa uwiano, duara kwa idadi. Mzee wa Basuba atajiona kwenye ya kwanza, na wa afisi ya maji ataona kwenye ya pili matangi yahitajika wapi kwa wingi.

BintiFaza
Haya, mbili, nakubali shingo upande. Ila madaraja ya rangi, yaani rangi ibadilike kwenye namba ipi, usiiachie programu ikuchagulie. Namba ni zile zile, lakini ukigawa kwa vipimo sawa unapata picha moja, ukigawa kwa idadi sawa ya wadi unapata nyingine kabisa. Kata kwenye robo, nusu na robo tatu ya nyumba, kila mtu azielewa.

NahodhaWaKompyuta
Mlihoji mwezi gani lakini? Masika yakipita jabia huwa zimejaa, mtu akuambia maji yapo.

KijanaWaLangoni
Februari, kiangazi kikali.

NahodhaWaKompyuta
Basi mwezi uandike chini ya ufunguo wa rangi, kwa herufi kubwa. Kuna mtu atasimama barazani aseme jabia yake ina maji.