Naomba ushauri: picha moja kwenye skrini mbili inaruka katikati

Hamjambo wenzangu. Juzi nilishuka Luthuli Avenue, Nairobi, nikanunua skrini ya pili, ya mtumba lakini safi, nikaiweka kando ya ile ya zamani. Kazi inaenda vizuri. Kinachonikera ni picha ya mandhari ya skrini (wallpaper).

Nina picha niliyopiga mwenyewe kule Ngong, vilima vyote kwa upana, na nataka ienee skrini zote mbili kama picha moja. Kwenye Windows 10 nimechagua mpangilio wa kutandaza picha (Span), lakini mgongo wa kilima ukifika mpakani unaruka kama ngazi. (Mke wangu anasema haoni tofauti. Mimi naiona hata nikifumba macho.) Skrini mpya ni pikseli 1920 kwa 1080, ya zamani 1366 kwa 768, nashuku shida iko hapo. Nimeburuta vile visanduku 1 na 2 vya skrini kwenye mipangilio vikalingana chini. Afadhali kidogo, ila bado.

Je, niikate picha iwe na upana wa pikseli 3286 (1920 na 1366), au niigawe vipande viwili, kila skrini na chake? Na kama kuna programu ya bure isiyolemea mashine yenye RAM ya GB 4, nielekezeni tafadhali.