Mistari ya giza kwenye picha za kufungua muziki, na albamu ya mtandaoni isiyofunguka

kijana_wa_lenzi

Wakuu, habari za jioni. Nina maswali mawili kuhusu harusi za ukumbini.

La kwanza: maharusi wakianza kufungua muziki, picha zinatoka na mistari ya giza iliyokatiza fremu kwa mlalo, mingine ina rangi ya zambarau. Kamera ni ya fremu kamili, megapikseli 24, haina kioo ndani. Lenzi ni 35mm na 85mm, zote f/1.8, na fleshi ninazo mbili. Natumia shata ya kimya, kasi 1/500, uwazi f/1.8, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200, fleshi zimezimwa. Ukumbi una taa za LED kila kona na skrini kubwa nyuma ya steji. Kanisani mchana wa siku hiyo hiyo hakuna mstari hata mmoja.

La pili: napakia picha zote 600, kila moja ina MB 8 hivi. Ndugu wa maharusi wanalalamika kwamba ukurasa unakula bando na haufunguki. Wengine wanataka zote WhatsApp. Ninyi mnafanyaje?

FundiTaa

Mchawi wako ni shata ya kimya. Umeme wetu ni Hz 50, na taa nyingi za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya kimya haina pazia linalofunga; kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, kinasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwa kamera nyingi za aina yako usomaji huo unachukua muda mrefu kuliko mfifio mmoja wa taa. Sehemu iliyosomwa taa ikiwa imefifia ndiyo inatoka giza. Kanisani ulikuwa na mwanga wa dirishani, na jua halimetimeti.

Rudi kwenye shata ya pazia na uweke 1/100, ili kila mstari upate mzunguko mzima wa taa. Washa na kipengele cha kuzuia kumetameta kama kamera inacho, ila usikitegemee sana: kwa kawaida kinatambua mimeto 100 au 120 kwa sekunde tu. Taa za steji zinazozunguka na zile skrini hupunguzwa mwanga kwa kuzimwa na kuwashwa kwa kasi kubwa zaidi, mamia hadi maelfu. Kwa hizo dawa ni kujaribu. DJ akiwa anapima taa zake, piga picha chache kwa 1/80, 1/100, 1/125 na 1/160, zikuze kwenye skrini ya kamera, uone ipi iko safi.

Sasa utasema kwa 1/100 miguu itafutika. Kweli, ndiyo maana unazo fleshi. Ziweke kwenye stendi, pembe mbili za sakafu ya kuchezea zinazotazamana, urefu wa mita 2.5, mita 5 hivi kutoka maharusi wanapocheza. Usizisogeze karibu. Fleshi iliyo mita 3 ikimwangaza bibi harusi sawasawa, akizunguka akafika mita 6 anapata robo tu ya mwanga ule, na nguo nyeupe iliyo karibu na fleshi ya pili itatoka nyeupe tupu bila mikunjo. Anza na nguvu 1/16, f/3.2, ISO 1600. Ukumbi wenyewe uwe na giza kidogo, stopu moja na nusu chini (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), ili fleshi ndiyo igandishe watu. Kwa nguvu ndogo hivyo mmweko wake ni mfupi sana kuliko kasi yoyote ya shata utakayoweka. Ukiacha mwanga wa ukumbi uwe mkali, utapata kivuli cha pili cha mkono na shela.

Na hiyo f/1.8 kwenye 85mm iache. Kwa mita 4 eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 24. Sura moja kali, ya mwenzake ukungu.

Usielekeze fleshi darini. Kumbi zetu nyingi dari limefunikwa vitambaa vya mapambo. Kikiwa cha zambarau, maharusi wanakuwa wa zambarau. Moshi mzito ukimwagwa sakafuni, zima fleshi iliyo upande wako ubaki na ya mbele yako inayowapiga kwa nyuma, la sivyo unapata ukuta mweupe. Fataki baridi hazihitaji fleshi kabisa. Na taa za leza usizitazamishe lenzi: miale yake inaweza kuunguza kihisi, na hilo halina matengenezo ya bei rahisi.

hesabu_ya_tatu

FundiTaa kamaliza upande wa mwanga. Naongeza wakati wa kubofya, maana watu wanashikilia kitufe na kurudi na picha 200 za visigino.

Walzi ya taratibu huhesabiwa kwa mafungu ya mapigo matatu, mafungu 28 hadi 30 kwa dakika. Mwili unapanda kuelekea pigo la tatu na hapo mwendo unatulia kidogo kabla ya kushuka. Nguo nayo bado inaelea. Hesabu moja, mbili, bofya kwenye tatu. Walzi ya Vienna inafika mafungu 60, kwa hiyo sahau kuvizia kila pigo, vizia sura ikigeuka upande wako. Rumba hatua zinaangukia 2, 3 na 4, halafu ile ya nne inashikiliwa kupitia pigo la kwanza. Picha iko kwenye huo mshikilio.

Wachezaji wa dansi la ukumbini huzunguka sakafu kinyume cha saa. Kaa pembeni karibu na kona, waje kwako, badala ya kuwakimbiza. Mashindanoni waulize waandaaji kwanza, kwani mengi hayaruhusu fleshi. Hapo ni f/2.8, 1/320 na ISO 6400, ukubali chenga, yaani punjepunje kwenye picha, kidogo.

albamu_na_mtandao

Picha 600 mara MB 8 ni karibu GB 5. Nani atazifungua kwa bando la siku?

Toa nakala mbili. Ya mtandaoni: upande mrefu pikseli 2048, JPEG ubora 80, rangi za sRGB, mfumo wa kawaida wa mtandaoni. Nyingi zitaangukia chini ya MB 1. Ukiacha Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, baadhi ya simu na programu zitaonyesha ngozi iliyopauka. Ukurasa wa kwanza uweke picha ndogo za pikseli 600, na kubwa ifunguke mtu akiigusa tu. Nakala kamili wape maharusi kwenye diski, wao peke yao.

Za kuonyesha watu wote chagua 100 hivi. Mtu anayetazama picha 14 za keki ile ile hafiki kwenye muziki. Kama mlikuwa wawili, linganisheni saa za kamera kabla ya kazi, la sivyo kwenye mpangilio wa albamu keki itakatwa kabla maharusi hawajaingia.

WhatsApp ukituma kama picha inaibana. Tuma kama hati, au tuma kiungo tu. Na futa taarifa za mahali kwenye faili kabla ya kupakia.

Bi_Kanga

Naongezea moja ambalo vijana mnalisahau. Huku pwani kuna shughuli za wanawake peke yao, watu wamevua mabuibui na hijabu. Hizo ziwe na kiungo chake na nywila yake, zisichanganywe na za ukumbini. Halafu angalieni picha ya jalada: ukurasa unaweza kuwa na nywila, lakini kiungo kikibandikwa kwenye kundi la WhatsApp, jalada linajitokeza chini yake na kila shemeji analiona. Weka jalada la maua au la pete. Jaribu kwa kujitumia mwenyewe kwanza.

Na ruhusa ya kuweka picha kwenye kurasa zako za biashara iandikwe kwenye mkataba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019.

kijana_wa_lenzi

Shukrani wakuu, na wewe Bi Kanga shikamoo. Zile zenye mistari tayari, zinaokoleka?

FundiTaa

Mistari ya rangi tu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, mingi itapotea. Ya giza iliyopita kwenye ukuta, kwenye programu ya kuhariri chora kinyago (eneo la kurekebisha peke yake) cha mstari ulionyooka juu yake, kingo laini, upandishe mwanga kidogo kidogo. Iliyopita usoni kwa bibi harusi, itupe.